Nafasi ya Mwenye Dharura

Niliisikia redio kabla sijafika mlangoni: mkwaruzo mrefu, kama karanga zinazokaangwa kwenye mchanga, na ndani yake sauti ya mwanamume akitaja herufi mojamoja. Nje, mtaa wa Kizota ulikuwa umenyamaza. Mvua ilikuwa imewafukuza mafundi, na mashine zao zilikuwa zimefunikwa maturubai. Mimi nilikuwa nimetoka ofisini Mtumba bila kuaga.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Angalia nyaya."

Mdogo wake baba huchomelea mageti ili ale; redio ndiyo inayomfanya aishi. Ana leseni ya redio za ridhaa, zile za kuzungumza na watu wa mbali bila simu, waya mrefu alioutandaza juu ya paa, na marafiki ambao hajawahi kuwaona sura. Familia nzima tulimcheka. "Watu wana simu, wewe unaongea na mawingu," mama humwambia kila Krismasi.

Sasa simu za Mlali, kijijini kwa mama, zilikuwa hazipatikani tangu asubuhi. Korongo lilikuwa limefurika, na nyumba ya mama ilikuwa ukingoni mwake.

"Muulizie mama," nikasema.

"Zamu yetu bado."

"Zamu gani? Hii si foleni ya maji."

Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, akataja jina lake la hewani, akauliza kama kuna mwenye dharura, akaachia. Kisha akatulia. Ndiyo desturi yao: kila anayemaliza kusema huacha kimya kidogo kabla mwingine hajaanza, ili mwenye shida kubwa na mtambo dhaifu apate pa kupenyea. Kwangu kimya kile kilikuwa mateso. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mkono wangu ulipokielekea kipaza sauti, alikisogeza pembeni, kama mtu anayemwepusha mtoto na chai ya moto.

Sauti nyembamba ikapenya. Alikuwa mwalimu wa Mlali, mwenzake wa hewani, akitumia betri ya gari. Zahanati ina mjamzito, uchungu umemzidi, na gari la wagonjwa limekwama ng'ambo ya korongo, ambako simu bado zinashika. Dereva aambiwe azungukie barabara ya juu. Baba mdogo alirudia kila neno, pamoja na namba ya dereva, akampigia simu, akarudi hewani.

"Amegeuza. Ova," akamaliza, akaachia kitufe.

Kimya tena. Niling'ata kucha.

"Haya, sasa za nyumbani. Shemeji yangu, wa nyumba ya ukingoni. Ova."

"Yuko kanisani na wenzake. Nyumba imekwenda na maji. Mguu umeumia, hasimami. Anamtaja binti yake tu." Sauti ilikuwa inafifia. "Nimemwambia nitakutafuta. Anasema, kumbe mawingu yanajibu."

Betri ikaishia hapo. Ukabaki mkwaruzo.

Nilikuwa nimeshachukua mwavuli.

"Utapita wapi?"

"Alikopita dereva."

"Subiri mvua ipungue, mwanangu."

"Nimesubiri vya kutosha."

Aliinuka nusu, nadhani anisindikize. Lakini redio ikamwita, sauti ngeni, dhaifu kuliko ile ya kwanza, akarudi kitini. Nikatoka. Nyuma yangu akausukuma mlango kwa mguu, ukafungika, ili kelele za mvua zisimfunike aliyekuwa akiita.