Makapu ya Udongo Bandarini Mutsamudu

Nikianza kusimulia haya watoto wangu hutoka chumbani kwa aibu, lakini nyinyi si watoto wangu, basi chekeni tu.

Zama zile za Wafaransa nilikuwa karani mkalimani, mzaliwa wa Badjanani pale Moroni, na koti langu jeupe lilinifanya nijione nimesoma kuliko nilivyosoma. Akaja mtaalamu mmoja Mfaransa na chombo mfano wa chupa kubwa ya chai, cha kupimia nguvu ambayo dunia huvutia vitu chini, akapima Moroni, kisha tukapanda meli kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, Nzwani, na humo melini akanieleza yote, kwamba ukiijua nguvu ile unaweza kukokotoa uzito wa dunia nzima, nami naitikia "wi, musyu" huku nimeinamia ndoo natapika (sikusikia hata nusu).

Tulipoteremka bandarini wapagazi wakaniuliza, "Huyu anapima nini?"

Ningesema sijui, yangeisha palepale. Lakini karani wa serikali aseme hajui?

"Anapima uzito wa ardhi," nikajibu.

"Ardhi ya nani?"

"Ya kila mtu," nikasema kwa maringo, nikaenda zangu kulala.

Asubuhi nakuta bandari imejaa makapu ya udongo, kila mtu kaleta wa shamba lake, na wawili wameshikana mashati kwa sababu mmoja kaumwagia maji wake upate kuwa mzito! Mtaalamu kapiga magoti katikati yao, jasho linamtoka, maana chombo chake hakitaki hata mtu akanyage kwa kishindo karibu yake. "Waambie wasisogee!" Nikawaambia, kwa Kingazija changu cha Moroni, na watu wa Nzwani (mpaka leo sijui nilikosea wapi) wakasogea wote.

Mbele kabisa alisimama bibi mmoja mwembamba, Koko Zaina (koko ndivyo tunavyowaita bibi zetu), kapu kichwani.

"Mwanangu, huu udongo wa shamba la baba yangu. Kampuni ya Wafaransa imelichukua, ikapanda humo milangilangi yake ya manukato. Upimeni, mwandike jina langu."

Nikamweleza polepole kwamba mzungu hapimi shamba la mtu, anapima dunia.

"Yote?"

"Yote, Koko."

Akamtazama yule Mfaransa pale chini. "Kwani sasa wanataka na iliyobaki?"

Watu wakaangua kicheko. Mtaalamu akaniuliza bibi anasemaje, nikamwambia anamtakia kazi njema, naye akavua kofia akamshukuru.

Koko Zaina akatua kapu miguuni pangu. "Kuja nimelibeba mimi. Kurudi utalibeba wewe."

Nikalibeba, na tai yangu shingoni, nikapita mji mzima wanawake wakichungulia madirishani, nikapanda mlima udongo ukinimwagikia ndani ya kola. Mlinzi wa kampuni akauliza kulikoni. "Karani wa serikali," akajibu Koko, "ananirudishia shamba." Nikaumwaga chini ya mlangilangi, yeye akausawazisha kwa unyayo, taratibu, wala hakuniambia ahsante.

Mtaalamu aliondoka na namba zake, nasikia zilikuwa nzuri. Mimi niliondoka na shingo isiyogeuka, na nadhiri kwamba nisilolijua nitasema silijui, hata nikiulizwa njia ya sokoni. Wapo wanaoniona mjinga kwa hilo. Lakini "sijui" yangu haijambebesha mtu kapu.