Helmi na Pikapu Isiyo na Kutu

Gari la Helmi Ollila lilikuwa limeoza hadi sakafuni. Ukiinua kapeti upande wa abiria, unaona lami ikipita chini ya miguu yako, na siku za mvua mbwa wake alikataa kabisa kukaa pale. Kwao Hancock, mji wa kaskazini kabisa mwa Marekani, hilo halikuwa jambo la aibu. Huko theluji inaanguka kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi yote hiyo malori yanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Watu wanafika makazini salama, na chumvi inabaki chini ya magari yao ikila chuma polepole, usiku na mchana, bila kelele.

Kwa hiyo Helmi, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa na mjane wa miaka miwili, aliposema mwezi wa kumi kwamba ananunua pikapu kutoka Yuma, huko Arizona jangwani ambako mvua ni habari ya kusimuliwa, kila mtu alisema amefanya vizuri. Kilichowashangaza ni kwamba anaifuata mwenyewe.

"Shemeji," alisema Urho, mdogo wa marehemu mumewe, akiwa amejiegemeza mlangoni pa jiko, "siku hizi magari ya jangwani yanapandishwa kwenye lori yanaletwa mpaka uani. Wewe unakwenda kukaa kwenye basi siku tatu, na kurudi unaendesha peke yako siku nne. Kwa nini?"

"Nataka kuiona kwa macho yangu."

"Lakini anayekuuzia ni Tauno! Mwanao wa kumzaa atakuuzia gari bovu?"

Helmi aliendelea kufunga mikate yake ya safari ndani ya karatasi.

"Umeweka na ule mkate wa samaki?" Urho aliuliza.

"Nimeweka."

"Abiria watakushusha njiani kwa harufu yake."

Urho hakuwa mjinga. Alijua, na majirani wote walijua, kwamba Helmi hafuati pikapu. Anamfuata Tauno. Ila kwao neno kama hilo halisemwi jikoni watu wakiwa wamesimama.

Tauno aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mwezi wa tatu mwaka ule alikuwa akiendesha pikapu ya baba yake kushuka mlima wa kwenda ziwani, na mdogo wake Onni kando yake. Paipu ya breki ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imebaki kama ganda la yai. Ilipasuka katikati ya mteremko. Tauno alitoka na mkono uliovunjika. Onni, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ambaye asubuhi ile aling'ang'ania kwenda naye, hakutoka. Baba yao alikuwa amemwambia Tauno wiki mbili kabla aibadilishe paipu ile, na Tauno alikuwa amesema, "Jumamosi." Baada ya mazishi baba hakumlaumu hata kwa neno moja. Hakumwambia neno jingine lolote pia. Ndipo kijana akaenda mahali ambapo hakuna chumvi wala barafu, akaajiriwa kwenye yadi ya magari yaliyotumika, na kazi yake ikawa kuwachagulia watu wa kaskazini magari makavu. Wateja walimsifu. Gari likiwa na doa la kutu dogo kama ukucha wa mtoto, Tauno haliuzi.

Nyumbani hakurudi tena, hata kumzika baba yake.

Tauno alimpokea Helmi kwenye kituo cha basi cha Yuma. Walipeana mikono, kisha, kama watu waliochelewa kukumbuka jambo, wakakumbatiana. Alikuwa amekonda, shingo imeungua jua, na nywele za juu ya masikio zimeanza mvi. Helmi alizitazama zile mvi akasema, "Joto hili, jamani."

Chumbani kwake, nyuma ya yadi, Tauno alishika birika.

"Kahawa, mama?"

"Hapana, mwanangu, usijisumbue."

"Kidogo tu."

"Aa, nilikunywa kwenye basi."

"Mama, maji yameshachemka."

"Haya, nitie nusu kikombe."

Alimjazia mpaka ukingoni, na Helmi akainywa yote, na moyo wake ukapata joto kuliko tumbo. Ndivyo walivyo watu wa kwao, waliotoka Ufini kwa mababu. Mgeni anakataa mara ya kwanza, anakataa mara ya pili, na mwenye nyumba anajua ni adabu tu. Jibu lenyewe linakuja mara ya tatu. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana mlafi. Miaka kumi na moja jangwani, na mtoto wake hajasahau.

Jioni ile walipokuwa wanakula maharage na mikate laini ya mahindi, myembamba kama chapati, Helmi alikusanya nguvu.

"Chumba chako kipo vilevile. Nimebadilisha pazia tu."

"Lile la meli?"

"Lilichanika, ningefanyaje? Rudi nyumbani, Tauno."

Tauno aliukunja mkate wake vizuri, akaukunjua. "Asante, mama. Lakini unaona kazi ilivyo. Siwezi."

Kesho yake alimpeleka kwenye pikapu. Ilikuwa ya buluu iliyopaushwa na jua hadi ikakaribia kuwa nyeupe, na dashibodi imepasuka mipasuko mirefu kama udongo wa kiangazi. Raba za madirisha zilikuwa ngumu kama pembe. Helmi hakujali hayo. Hayo ndiyo yanayokuhakikishia kwamba gari limekaa mahali pakavu. Alitandika boksi lililokunjuliwa, akalala chali, akajisukuma chini ya gari na sketi yake nzuri. Akagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, kama alivyofundishwa na mumewe. Chuma kililia ngo, ngo, kila mahali. Vumbi laini lilimwangukia usoni, na chini yake rangi ya kiwandani ilikuwa bado inang'aa, baada ya miaka kumi na minane. Boliti zilikuwa na pembe zake zote. Helmi hajawahi kuona kitu kama kile. Alikaa kule chini akatokwa na machozi yaliyoteremka kuelekea masikioni, kwa sababu aliwaza, kumbe kuna mahali ambapo chuma kinabaki kama kilivyotengenezwa, na sisi hatukuwa huko.

Tauno alikuwa amechuchumaa pembeni. "Unaonaje?"

"Nzima."

"Nilikuwekea hii tangu Aprili. Watu watatu wameitaka."

"Urho anasema gereji yake inatafuta fundi," Helmi alisema akiwa bado chini.

"Ba' mdogo anaongea sana."

"Basi si kwa ajili ya Urho. Kwa ajili yangu. Rudi, mwanangu."

Helmi aliona vidole vya Tauno tu, vikichora mstari kwenye vumbi.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Kule siwezi."

Helmi alijiambia, basi, usimbane. Kahawa ni kahawa, lakini hili ni jambo la moyo, na mtu mzima akishasema mara mbili kwamba moyo hauwezi, mama anamsukuma wa nini? Hakufikiri kabisa kwamba mtoto wake angeweza kujibu jambo zito namna ile kwa adabu ileile ya kikombe.

Asubuhi ya kuondoka alimkuta ameshaingia chini ya pikapu, anapulizia oili chuma chote ili chumvi isishike. Kilichoonekana ni buti zake mbili tu, ncha zikiangalia juu, soli zimelika upande mmoja kama zilivyokuwa zikilika tangu akiwa mdogo. Helmi alisimama mbele ya zile buti. Maneno yalikuwa mdomoni. Aliyasikia kabisa yalivyo: twende wote. Alifungua mdomo.

"Umefika na kwenye paipu za breki?"

Mashine ya kupulizia ilinyamaza. Buti hazikutikisika. Upepo uliviringisha karatasi uani, na Helmi akatamani ardhi immeze.

"Nimebadilisha zote, mama," ilitoka sauti. "Ni mpya. Nimeweka za shaba. Hizo hazishiki kutu."

"Vizuri," alisema Helmi. "Vizuri sana, mwanangu."

Akampa mikate miwili iliyobaki. Tauno akaegemea dirishani, akamwelekeza taa na hita na namna ya kubembeleza gia ya pili. Alisimama pale muda mrefu kuliko gia ya pili ilivyohitaji. Halafu akapiga bodi mara mbili kwa kiganja, na Helmi akaondoka.

Siku ya pili ya safari, Kansas, alisimama mchana kula kwenye mkahawa wa kando ya barabara. Binti mmoja alikuja na birika.

"Kahawa, mama?"

"Hapana, asante."

"Sawa!" akaitikia kwa tabasamu, akageuka na birika lake akaenda meza nyingine.

Helmi alibaki akimtazama mgongo. Koo lilikuwa kavu, kahawa alikuwa anaitaka, na alikaa akisubiri kuulizwa tena mpaka alipoelewa kwamba hakuna atakayemuuliza. Huku ukisema hapana, watu wanaichukua wanaondoka nayo.

Ndipo ilipomfikia: yeye alikuwa amemuuliza Tauno mara mbili tu. Aliinuka, akaacha supu haijaguswa, akaenda kukaa ndani ya pikapu na simu yake. Akakosea namba mara moja, akapiga tena.

"Mama? Umepata tatizo? Gari?"

"Gari zima. Tauno, nikuulize kitu. Jana, ulipokuwa chini ya gari..." Akashindwa, akaanza upya. "Ulikuwa unataka kuja?"

Kule yadi mtu alikuwa anagonga chuma.

"Begi lilikuwa nyuma ya mlango," Tauno alisema. "Nililifunga usiku. Hata bosi nilimwambia. Nilisema mama akiuliza tena, nitoke nikanawe mikono nipande."

"Mwanangu."

"Ukaniuliza paipu za breki."

Helmi aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Sikukusudia. Naapa kwa Mungu, neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa naogopa kukusumbua."

"Najua, mama."

"Basi nakuuliza sasa. Rudi nyumbani. Nitakusubiri hapahapa, nitalala hapa, panda basi. Tauno, rudi."

Alisikia anavyopumua. Alikuwa akipumua hivyo utotoni akiwa anajikaza asilie, kwa pua, pumzi fupifupi, na Helmi alikuwa akijifanya hasikii ili asimwaibishe.

"Asante, mama," alisema. "Hapana. Nimeshafungua begi. Nilipokuwa chini pale, ulipouliza, niliona mlima wote. Nikajua nikiwa kule kila mtu ataniuliza hivyo, hata wasipotaka kuuliza."

"Mimi sitakuuliza tena kamwe."

"Ndiyo. Lakini utakuwa unajizuia."

Hakuweza kumpinga, kwa sababu ilikuwa kweli. Waliongea kidogo juu ya matairi. Tauno akamwambia asiendeshe kwa kasi kwenye upepo wa Iowa. Baada ya hapo Helmi alikaa na simu mapajani, akihesabu bila kutaka kuhesabu. Hapana hii ilikuwa ya tatu, ile ya mwisho? Au kuuliza kwa simu hakuhesabiki, na hii ni ya kwanza mpya? Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mama yake alimfundisha adabu ile kwa kahawa, keki na lifti za kwenda kanisani. Hakumfundisha jambo kama hili.

Aliingia Hancock siku ya nne saa tisa alasiri. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka asubuhi, na lori la chumvi lilikuwa limeshapita. Kilomita kumi za mwisho alisikia chembe zikirushwa na matairi, zikigonga chini ya ile pikapu nzima, tatata, tatata, na kila zilipogonga alikunja uso.

Urho alikuwa uani kwa Helmi pamoja na majirani wawili wanaume, wamevaa kofia za sufu, wanajifanya wanapanga kuni. Helmi alipozima injini waliacha kuni. Urho alitazama kiti cha abiria. Kilikuwa na blanketi na chupa ya maji. Akaondoa macho haraka.

"Lo, dashibodi yenyewe!" alisema kwa sauti kubwa. "Shemeji, umeletewa ramani ya mito?"

"Tazama chini," Helmi alisema.

Wakatazama. Wazee wazima watatu walilala kwenye theluji na makoti yao, wakajisukuma chini ya pikapu, na sauti zao zikaanza kutoka kule.

"Mama wee. Hebu ona hapa."

"Boliti hii! Kama imetoka dukani leo."

"Na paipu ni za shaba, bwana. Amezikunja kwa mkono. Kazi ya fundi hii."

"Tauno huyo," alisema Urho.

Helmi alisimama kando ya mlango uliokuwa wazi. Alitaka kusema hajambo, anawasalimu, amekonda kidogo tu. Kikatoka kilio badala yake, kikubwa, ambacho hakuwahi kulia hata siku ya kumzika Onni wala ya kumzika mumewe, na hakuweza kukizuia kwa mkono wala kwa kitambaa.

Buti sita zilikuwa zimechomoza kwenye theluji kutoka chini ya pikapu, na hakuna hata moja iliyosogea.

"Angalia na huku nyuma," alisema Urho hatimaye, sauti imekwaruza. "Tusiwe na haraka. Tuangalie yote."

Wakaangalia yote. Walibaki kule chini, migongo ikilowa, wakisifu chuma kimoja baada ya kingine, na walipomaliza wakaanza tena kuanzia mbele, mpaka Helmi alipomaliza kulia.