Msala wa Ngozi ya Kondoo

Mume wangu alikufa kwa homa, enzi za Mwingereza, akiwa amerudi kwao Misima kutoka mashamba ya mkonge ya Korogwe kabla hajamaliza kipande chake cha siku thelathini za kazi. Tulikuwa na binti mmoja, bado ananyonya. Baada ya maziko mama mkwe alitandika ngozi ya kondoo chumba cha ndani, akaniambia, "Eda yako utaikalia hapa."

Ngozi ile niliijua. Kondoo wake alichinjwa kwa akika ya binti yetu, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeiwamba juani, akaisugua mpaka ikalainika. Mtoto alilazwa juu yake, na baba yake aliisalia. Manyoya yalikuwa yamelika pale alipopiga magoti na pale alipoweka paji la uso. Nilikaa hapo miezi minne na siku kumi, nikisikia wenzangu wakipita kwenda kisimani, wanacheka, kisha wananyamaza wakifika dirishani kwangu.

Mwezi wa tatu wa eda, nikitoka kuoga uani, nilimkuta shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ameketi juu ya ngozi. Viatu alikuwa amevivua mlangoni. Nikarudi nyuma, nikajifunika. Mama mkwe alikuwa amesimama kando yake, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Msala umepata mwenyewe," alisema.

Shemeji alipoondoka nikamwambia, "Mama, ile ngozi ni ya mume wangu."

"Ilikuwa ya mwanangu. Ninaye mwingine. Na wewe ni wetu. Uende wapi na mtoto huyu?"

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia hofu.

Siku mbili baadaye mtoto aliikojolea. Ningeweza kuifuta tu. Nikaitumbukiza kwenye karai la maji kutwa nzima, kisha nikaianika jua kali. Ikakauka ngumu kama ubao, manyoya yakang'oka mafungu mafungu. Mama mkwe akaigonga kwa kidole, akanitazama sana.

Eda ilipokwisha wazee walikuja na mwalimu wa madrasa. Akaniuliza, mimi nikiwa nyuma ya pazia, kama nimeridhia kuolewa na shemeji.

"Sikuridhia."

Akauliza tena, nikarudia vilevile.

"Basi hakuna ndoa," alisema.

Mzee mmoja akadakia, "Arudi kwao Kilole. Mtoto atabaki kwa baba zake."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga, nikaufungua. Nikabaki pale, si mke wa mtu wala si mgeni, nikilima shamba lao huku binti yangu akikua. Shemeji alioa kwingine; tukawa tunapishana uani bila kutazamana.

Binti alipoolewa Makuyuni, nilidhani siku yangu ya kurudi kwetu imefika. Nikaenda kumuaga mama mkwe. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Akanitafuta mkono, akaushika.

"Na chakula changu cha leo, mwanangu, nani atanipikia?"

Nikamwambia nitapika mimi.