Gurudumu Lililokataa Kulia

Nilifuta msalaba wa chaki kwa mkono wa koti langu, na garimoshi likaondoka Sakania na Ilunga ndani yake. Nimestaafu, naishi mtaa wa Katuba, Lubumbashi, na bado jambo hilo linanitisha.

Kazi ya ukaguzi wa mabehewa niliianzia mjini humo. Siku ya kwanza mkuu wa wakaguzi, aliyewahi kusoma seminari, alinipa nyundo ya mpini mrefu na kitabu cha kanuni cha Kiingereza kutoka upande wa Zambia. Neno la kwanza lilikuwa *prudence*, busara ya kujihadhari.

"Baingereza balilitoa kwa Bafaransa," alisema, "na Bafaransa kwa Kilatini: *providentia*, kuona mbele. Lakini weye, mwanangu, hautaona kitu. Ufa iko ndani ya chuma. Weye utasikia."

Akagonga gurudumu, likalia kama kengele. Hilo ni zima. Lenye ufa hutoa sauti fupi, butu. Likipasuka njiani, mabehewa ya nyuma hupinduka. Kwa hiyo behewa lake huchorwa msalaba: lisitoke.

Miaka mingi baadaye nikahamishiwa Sakania, mpakani. Asubuhi moja, kwenye behewa la nne kutoka mwisho, gurudumu halikulia. Niligonga mara tatu, nikachora msalaba. Mkuu wa stesheni akaja akitazama saa.

"Papa, futa ile. Train inachelewa."

"Chef, hii gurudumu iko bubu."

"Bubu, ao masikio yako inazeeka? Uko na mashini ya kupima? Hauna? Basi futa."

Nilikuwa na masikio tu. Nikafuta. Ilunga, mtu wa breki aliyesafiri behewa la mwisho, alinipungia kofia akicheka. Hakuwa ameona lolote.

Siku tatu sikutoka stesheni. Kila simu ilipolia, nilikimbilia mlangoni kusikiliza. Siku ya nne Ilunga akarudi, mzima, anatafuna mkate.

"Kule Zambia balikata behewa moja, baliliacha," alisema. "Ile ya ine kutoka mwisho."

"Juu ya nini?"

"Habakusema. Mbona unatetemeka, vieux, mzee wangu? Malaria?"

Nikasema ndiyo, malaria.

Ninyi wakaguzi vijana mna mashine zinazoona ndani ya chuma. Hata hivyo, shikeni neno la mkuu wangu: kuona mbele ni kabla garimoshi halijatoka. Likishatoka, inabaki hofu.

Ilunga hunitembelea kila Jumapili baada ya misa. Sijamwambia. Namba ya behewa lile niliitafuta kwenye kila garimoshi lililovuka mpaka, hadi siku ya kustaafu. Halikurudi, na sijui kama lilikuwa na ufa.