Kaburi la Uani Kwetu

Shimo letu la choo lilibomoka msimu wa mvua, na kwa kuwa nyumba za Mji wa Kale zimebanana ukuta kwa ukuta, hapakuwa na pahali pa kuchimba jingine ila uani, karibu na jiko la zamani la mama. Nyumba hiyo ni ya ukoo. Tuliobaki nayo ni mimi na mama, ambaye tangu avunjike nyonga hatoki kitandani. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, anakaa mtaa wa pili, lakini hapagongwi msumari kwetu bila yeye kuulizwa. Aliulizwa, akakubali, akatuletea mafundi wawili.

Kesho yake asubuhi fundi mmoja aliniita kwa sauti ya chini. Walikuwa wamefika kina cha kiuno. Niliinama nikaona mtu. Amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla, hana jeneza wala ubao. Miguu yake sikuiona, maana ilikuwa imepita chini ya msingi wa nyumba yetu.

Mimi nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa hapa kisiwani, kwa hivyo nilifahamu papo hapo nilichokuwa nikikitazama. Msingi ukiwa juu ya kaburi, kaburi limeitangulia nyumba. Na Mwislamu hajiziki mwenyewe. Palikuwa na watu wa kumuosha, wa kumsalia na wa kumchimbia.

Hapo ndipo udhia ulipoanza, kwa sababu ami ana silsila. Ni karatasi ya Kiarabu aliyoinakili babu yake, imewekwa kwenye fremu sebuleni kwake, na kila harusi huisoma mbele ya wageni. Inaeleza jinsi mzee wetu wa kwanza alivyotoka Hadhramaut, akashuka hapa, akakuta pori na nyani, akajenga nyumba ya kwanza ya mtaa huu. Baada yake yanafuata majina ya wanawe na wajukuu mpaka kwa ami mwenyewe, yote ya wanaume. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuuliza mzee huyo alimuoa nani, ikiwa alikuta nyani. Nilifukuzwa sebuleni.

Niliwaambia mafundi wasimamishe kazi, nikapigia simu ofisi inayosimamia majengo ya kale. Kabla ya adhuhuri alikuja mtaalamu wa akiolojia, kijana mpole wa kutoka bara, akashuka shimoni kwa uangalifu mno. Kwenye ukingo wa shimo alinionyesha vigae vyeusi vya vyungu. Alisema vyungu hivyo vilifinyangwa pwani hii hii, havikuletwa na jahazi, na vimelala chini ya nyumba yetu pamoja na kaburi. Palikuwa na mji hapa kabla yenu, alisema. Wa lini hasa, hakuweza kujua bila kupima na kuchukua kipande kidogo cha mfupa, na kwa hilo alihitaji kibali cha maandishi. Alifunika shimo kwa turubai, akatuomba tusiguse kitu, akaenda kutafuta kibali chake.

Ami alifika baada ya sala. Alifunua turubai, akasoma dua, akafunika tena. Nilimweleza yote niliyoambiwa.

"Karatasi yasema palikuwa pori," alinijibu.

"Karatasi iliandikwa na mtu, ami. Huyu naye ni mtu, na yuko hapa."

"Mfupa hauna jina. Wenye majina wako kwenye karatasi."

Alisema huenda ni baharia aliyefia njiani, au mgeni yeyote, Mungu ndiye ajuaye. Kisha akanikumbusha kwamba haifai kuliacha wazi kaburi la Mwislamu, sembuse kumkata mfupa. Kwa hilo alisema haki. Mama naye, aliyekuwa akitusikiliza kupitia dirisha, alituita.

"Mbona mwamuacha kiumbe wa Mungu wazi, kafunikwa turubai tu?"

Tukaafikiana. Mtaalamu angepewa mpaka alasiri ya kesho yake apige picha, apime na achore, bila kuchukua mfupa, kisha kaburi lifunikwe. Mimi nisipige picha. Mama alikataza, akisema maiti ana sitara yake na simu yangu haijui sitara. Nilimtii, kwa kuwa picha za mtaalamu zingetosha.

Kibali hakikuja. Aliyepaswa kutia sahihi alikuwa safarini, na aliyekaimu hakutaka lawama. Asubuhi nilimpigia mtaalamu, akaniambia ningoje. Adhuhuri nikampigia tena, nikamwambia aje na simu yake tu. Akasema picha iliyopigwa bila kibali ni kama haikupigwa. Nilitaka kumrushia matusi, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kwenye benchi nje ya mlango wa mkubwa.

Alasiri ami alikuja na wazee wawili wa msikitini na kitambaa cheupe. Siwezi kusema walifanya vibaya. Waliteremsha mchanga kwa mikono, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mama aliuliza watamuombea kwa jina gani. Wazee wakatazamana, kwani hakuna aliyejua kama ni mume au mke. Ami akasema, "Mwana wa Hawa. Yatosha." Walipomaliza, mafundi wakamimina zege juu yake, na shimo la choo likasogezwa pembe ya pili.

Baada ya miezi kadhaa nililetewa ripoti ya ofisi. Ilihusu mtaa mzima, na nyumba yetu ilipewa aya moja. Iliandikwa kwamba mabaki ya binadamu yaliripotiwa na mwenyeji lakini hayakuthibitishwa. Vigae vilitajwa kwa neno moja. Kisha ikafuata sentensi hii: kwa mujibu wa nyaraka za ukoo, eneo hilo lilikuwa pori kabla ya kuja kwa familia.

Nilimpigia mtaalamu. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyeliona kaburi, lakini aliliona bila kibali, kwa hivyo hakuweza kuliandika.

"Na mimi niliyeliona?"

"Wewe una maneno ya mdomo tu," alisema. "Ami yako ana maandishi."

Ami aliitaka hiyo ripoti. Alinisomesha ile sentensi mara mbili, akaifurahia bila kunicheka, na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angalinicheka. Sasa kwenye harusi, akishasoma silsila, huwaambia wageni kwamba hata wataalamu wamekubali. Wageni huitikia kwa vichwa. Nami huwa nimeketi upande wa wanawake, nikiyasikia hayo kwenye kipaza sauti.

Mwezi uliopita niliandika ushahidi wangu: kichwa kilipolala, uso ulikoelekea, msingi ulipopita, rangi ya vigae. Niliupeleka ofisini, nikaomba uambatanishwe na ripoti. Karani aliupitia kwa adabu, akasema ripoti imeshafungwa, na hata ingekuwa wazi hapakuwa na pahali pa kuweka karatasi ya mtu binafsi. Nilimuuliza silsila ya ami yangu ilipata pahali gani. Akasema hiyo ni ya kale.

Niliiacha karatasi mezani kwake, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mama aliniuliza kama nimewaeleza jinsi kichwa kilivyolazwa. Nikamwambia nimewaeleza.

"Wamekuamini?"

Nikamwambia walikuwa wakifunga ofisi, wanakwenda kula.