Nani Alimlisha Uji

"Sipigwi picha hapa!" alisema bwana mmoja juzi, kofia keshaivaa, yuko mlangoni kwa mpiga picha wa Msambweni. Na picha aliihitaji: hoteli mpya ya Diani, uhuru au si uhuru, haiandiki mtu kazi bila picha.

Sisi tuliokaa kwenye benchi tulijua kilichomuudhi. Uso wake una makovu ya ndui. Walipoingia, binamu yake alisema kwa sauti, "Bwana picha, huyu uso wake ulidonolewa na kuku!" Mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. "Na wewe kwa kichwa hicho, utalipia picha mbili!" Hao ni watani. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba husemezana hivyo hivyo.

Mpiga picha, ambaye ni mgeni, akadhani ruhusa ni ya wote. "Kweli, kuku hao walishiba!"

Hapo ndipo bwana yule alipovaa kofia akaenda mlangoni.

Nilikwisha kufungua kinywa nimkaripie, binamu akanitangulia, tena kwa upole: "Mimi siku za ndui nilimlisha uji kwa mkono wangu, watu wamemkimbia. Wewe ulimlisha nini?"

Mpiga picha akainamisha kichwa, akakifuta kiti, akamwashiria bwana yule akae. Bwana akarudi, akavua kofia. Picha imetoka nzuri, na kazi amepata.

Malipo mpiga picha aliyakataa. Vyema. Lakini nilikuwapo, na neno sikulisikia. Bwana mpiga picha, mwenzio anakudai samahani, ya mdomo. Mpelekee.