Matundu ya Pweza ya Mama

Mwaka watu walipopunguzwa kazini mjini Mtwara, wanaume wazima walilia kwenye ngazi za ofisi yetu. Mimi nilikuwa mpiga chapa pale, katika chumba ambacho dirisha lake lilizibwa na kabati la mafaili, na jina langu halikuwamo kati ya waliopunguzwa. Wiki hiyo hiyo nikaacha kazi. Bosi akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia nataka kuona jua. Akacheka mpaka akavua miwani, nami nikachukua mkoba wangu nikatoka, maana mtu wa namna hiyo ukimjibu unamwongezea raha.

Kazi mpya nilishaipanga. Ningeshona nguo barazani kwetu Msimbati. Siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali, nashona. Siku za bamvua, mwamba unapobaki wazi asubuhi, nafunika cherehani naingia pwani na wanawake wenzangu kutafuta pweza, kama mama alivyofanya maisha yake yote. Ofisi isingenipa nafasi hiyo hata ningezeekea mle.

Mama alinisikiliza huku anaponda pweza kwenye jiwe. Hakuacha kuponda.

"Wenzako wamepunguzwa wanalia," akasema, "wewe umejipunguza mwenyewe. Nimekusomesha kwa pweza ili usinuke pweza, leo unaniletea upumbavu huu."

"Mama, mimi naipenda pwani."

"Anayeipenda pwani ni aliyeshiba."

Kwetu mwanamke wa pweza ana matundu yake kwenye mwamba. Ukimtoa pweza leo, bamvua nyingine anaingia mwingine humo humo. Matundu hayo hayana alama yoyote. Mama humwonyesha bintiye, basi. Asiyeonyeshwa anahangaika juani na kijiti chake, anachokoa mashimo matupu, anarudi na kome za kuficha aibu. Mimi nilipokuwa mdogo mama aliniacha nyumbani na daftari zangu, kwa hiyo sikujua hata tundu moja. Lakini nilikuwa binti yake pekee. Nikajiambia hasira zitamwisha, atanionyesha.

Hazikumwisha. Nyumbani alinipikia, wateja wangu aliwakaribisha vizuri. Tukifika kwenye mwamba, akiniona nimesogea, anajifanya anafunga kanga mpaka nipite. Wenzangu wakapata la kusema: "Karani, leo umeokota mafaili mangapi?" Nilicheka nao. Moyoni niliwachukia wote, na mama ndiye niliyemchukia zaidi.

Miaka ikaenda. Magari ya watu wa gesi yakaanza kupita kijijini, na miguu ya mama ikaanza kuvimba. Alijua siku zake za kwenda pwani zimebaki chache. Asubuhi moja ya bamvua akatuita wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Wifi alikuwa mtu wa kijiji cha Ziwani, amekulia kwenye mihogo na mikorosho. Alipoolewa kwetu alikuwa anaogopa hata kaa. Nilivaa haraka haraka. Niliona siku yangu imefika.

Mama akamshika wifi mkono, mimi akanipa kapu nibebe nyuma. Kwenye tundu la kwanza akasimama, akanitazama.

"Geuka huko."

"Mama?"

"Geuka huko, fundi cherehani."

Nikageuka. Mtu mzima, mvi zimeshaanza, nimesimama maji ya kifundoni natazama upande wa mdomo wa Ruvuma, na nyuma yangu mama anaeleza taratibu, kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha mimi: ingiza kijiti hivi, subiri, usimvute kwa pupa. Kila tundu, geuka huko. Pweza wakiingia kapuni, mbebaji ni mimi. Wifi alikuwa analia. Machozi yake yaliniudhi kuliko maneno ya mama.

Baadaye mama akawa mtu wa kitandani. Wifi alikwenda msibani kwao Ziwani, ikaangukia bamvua, na mama akatamani pweza wa nazi. Uji hakutaka, wali hakutaka. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamshika mkono.

"Niambie tundu moja tu, mama. Hata lile la karibu. Maji bado yako nje, naenda sasa hivi nakuletea."

Tulikuwa wawili tu. Sijawahi kumwomba mtu kitu kama nilivyomwomba yeye siku ile, sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Alinitazama sana. Mdomo ukafunguka, nikaona anataka kusema, nikainama nisikie vizuri.

"Kanunue," akasema.

Nikaenda kununua pweza. Nikamponda mpaka mkono ukauma, nikampika kwa tui zito kama anavyopenda, nikampelekea. Akaonja kipande kimoja, akatafuna kidogo, akakitema kiganjani mwangu.

"Huyu si wa kwangu."

Akasukuma sahani. Nikaivuta kwangu. Nikala pale pale mbele yake, kipande kwa kipande, naye njaa inamuuma ananitazama, sikumbakishia hata mchuzi. Nikanawa mikono, nikarudi barazani kwenye cherehani. Kulikuwa na sare za shule zinangojewa.